Ng'ombe Amezaa: Hotuba juu ya Kusomwa Tena kwa Maandishi ya Misri ya Kale

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mtaalamu wa Misri ya kale. Kanivisha koti kubwa mno. Mimi nimefundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na Misri naipenda kama wengi wenu mnavyopenda mpira: naufuatilia, siuchezi.

Nitaanza na barua. Nilipokuwa na miaka kama 10, hapa hapa Tanga, niliikuta ndani ya kasha la bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa mtu wa Pangani. Barua ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia umekuwa rangi ya chai. Nikajua ni Kiarabu, tena labda ina siri ya mali, nikaichomoa nikaipeleka dukani kwa jirani yetu. Huyo alikuwa Mwarabu aliyefika kutoka Yemen si zamani, Kiswahili chake bado cha "bei gani" na "chukua". Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, bila kukwama: "Ghubi amizaa, buzi amibutia." Akarudia. Akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma. Mwishowe akanirudishia kwa ncha za vidole, akanambia hiki si Kiarabu, pengine ni mambo ya waganga, nikairudishe nilikoitoa.

Nilirudi nyumbani natetemeka. Bibi alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Akaishika barua mbali na macho yake, akasoma kama anayesoma jina lake: "Ng'ombe amezaa, mbuzi amepotea." Ilikuwa barua ya kaka yake kutoka shamba.

Wazee wanajua kilichotokea, ila vijana niwaeleze. Wahenga wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wengi hawakuwa na herufi ya p, wakatumia ya b. Hawakutenganisha e na i, wala o na u. Ng' ilivaa nguo ya gh. M iliyo mbele ya b mara nyingi haikuandikwa kabisa. Jirani yetu alizijua herufi zote, lugha hakuijua, na kwa hiyo alisoma kila kitu asielewe chochote. Bibi alikuwa na lugha, basi herufi zenye mapengo zikamtii. Shikeni hapo. Hotuba yangu ya leo ni barua ile ile, ila imetoka mbali zaidi na ilikaa ndani ya kasha miaka zaidi ya 1,400.

Hiroglifi za Misri, yaani maandishi yao ya picha, zilitumika kwa zaidi ya miaka 3,000. Za mwisho zenye tarehe tunazozijua zilichongwa na kuhani aitwaye Esmet-Akhom ukutani mwa hekalu la Philae, kisiwa cha mto Nile huko kusini ya Misri, na tarehe yake ni 24 Agosti 394 baada ya Kristo. Baada ya hapo, kimya. Mahekalu yalifungwa moja baada ya jingine, na makuhani waliojua kuandika wakafa mmoja mmoja. Maandishi yenyewe hayakwenda popote. Yalibaki kwenye kuta, marefu kuliko minazi, mbele ya macho ya kila mpita njia, na hakuna aliyeweza kuyasoma.

Sasa tazameni binadamu alivyo: akikosa kujua, hubuni. Kuna kitabu cha mtu aitwaye Horapollo, cha karne ya 5 hivi, ambacho nakala yake ilipatikana katika kisiwa cha Andros huko Ugiriki mwaka 1419. Hiyo namba 1419 iwekeni kando, itarudi kwa sababu nyingine kabisa, kwa bahati tu. Horapollo anasema picha ya tumbusi maana yake ni mama, kwa sababu eti tumbusi wote ni majike. Picha ya bata maana yake ni mwana, kwa sababu bata hupenda watoto wake kupita ndege wote. Picha ya sungura maana yake ni kufungua, kwa sababu sungura hafumbi macho hata akilala.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba majibu yake ni sahihi! Tumbusi kweli huandika neno la mama. Bata kweli huandika neno la mwana. Sungura kweli yumo katika neno la kufungua. Ila sababu zote tatu ni hadithi za kutunga. Tumbusi anaandika "mama" kwa kuwa alama yake ilibeba sauti zile zile za neno mama katika Kimisri, mut. Bata alibeba sauti za neno mwana, na sungura alibeba sauti ya wen. Ni sauti tu. Mwanafunzi aliyeibia jibu la hesabu bila kujua njia, hesabu ya pili itamkwamisha, na hivyo ndivyo Ulaya ilivyokwama kwa karne nyingi kwa kumfuata Horapollo. Waliamini kila picha ni wazo zito, na kila ukuta ni falsafa.

Aliyekwenda mbali zaidi katika kosa hilo ni Padri Athanasius Kircher, Mjesuiti wa Roma wa karne ya 17, msomi mkubwa kweli kweli. Mahali palipoandikwa jina la mfalme tu, Apries, yeye alipata sentensi ndefu juu ya mungu Osiris, ibada, pepo na baraka za mto Nile. Jina la mtu, bwana! Ni kama mgeni aone "Juma" mlangoni asome "amani iwashukie wote waingiao siku ya Ijumaa baada ya mvua." Msimcheke sana lakini. Nitamrudia, na safari hiyo nitamvulia kofia.

Mnalolijua wengi ni jiwe. Mwaka 1798 Napoleon Bonaparte wa Ufaransa aliingia Misri na jeshi, na pamoja nalo wasomi zaidi ya 150. Mwezi wa Julai 1799 askari waliokuwa wakitengeneza ngome ya zamani karibu na mji wa Rashid, ambao Wazungu huuita Rosetta, walikuta jiwe jeusi limetumika kujengea ukuta. Ofisa aliyekuwa akisimamia, Pierre-François Bouchard, aliona lina maandishi ya namna tatu. Juu hiroglifi. Katikati hati ya mkato ya watu wa kawaida, inayoitwa demotiki. Chini Kigiriki, na Kigiriki kilikuwa kinasomeka. Miaka miwili baadaye Wafaransa walishindwa vita, Waingereza wakalichukua, na tangu 1802 jiwe limo katika jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, London. Ubavuni Waingereza walilipaka maneno kwamba jeshi lao limelitwaa Misri mwaka 1801. Angalau hawakuficha.

Jiwe lenyewe lina uzito wa kilo 760 hivi, na linasema nini? Kodi. Ni azimio la makuhani la mwaka 196 kabla ya Kristo, la kumshukuru mfalme Ptolemaio wa 5, wa ukoo wa Kigiriki uliotawala Misri wakati huo, kijana wa miaka kama 13, kwa kuyapunguzia mahekalu kodi na kuyapa misaada, na kwa ajili hiyo sanamu yake isimamishwe kila hekalu. Nimewahi kumsikia mtu akieleza kwa sauti ya chini kwamba jiwe lile lina siri za piramidi. Hapana. Ni waraka wa serikali, na kama nyaraka zote za serikali umetolewa kwa lugha zaidi ya moja ili mtu asije akasema hakuelewa.

Watu hudhani kwamba jiwe likishapatikana kazi imekwisha: unaweka Kigiriki huku, hiroglifi huku, unalinganisha. Kama ni hivyo, mbona ilichukua miaka 23? Kwanza sehemu ya juu imevunjika, mistari ya hiroglifi iliyobaki ni 14 tu, na hakuna hata mmoja uliokamilika. Pili, ukiwa na tafsiri unajua maana ya ukurasa, hujui ni alama ipi inasema nini wala inatamkwaje. Mpe mtu asiyejua Kichina Biblia ya Kichina na ya Kiswahili, umwache chumbani, urudi baada ya mwezi. Utamkuta amelala.

Mlango ulianza kutikiswa na majina. Jina la mfalme wa kigeni halitafsiriki, linatamkwa tu, na ndani ya hiroglifi majina ya wafalme yalizungushiwa kitanzi kirefu kama kamba iliyofungwa fundo. Askari wa Ufaransa walikiita kartushi, kwa kuwa kilifanana na risasi zao za karatasi. Mwingereza Thomas Young, daktari na mwanafizikia aliyeonyesha kwamba mwanga husafiri kwa mawimbi, aligundua ndani ya kitanzi hicho jina la Ptolemaio, akazipa baadhi ya alama sauti zake sawasawa, na mwaka 1819 makala yake ikatoka katika Encyclopaedia Britannica. Alionyesha pia kwamba demotiki imetokana na hiroglifi. Hayo ni makubwa, na Wafaransa wanaomnyima heshima yake wanakosea. Ila Young aliamini kwamba sauti ni za majina ya kigeni tu, na kwamba Wamisri walipoandika mambo yao wenyewe waliandika mawazo. Alifika mlangoni, akapiga hodi, akaondoka.

Sasa nataka niwatoe London na Paris, niwapeleke kwa watu ambao katika masimulizi mengi hupewa mstari mmoja. Mimi ningewapa nusu ya kitabu.

Lugha ya Misri ya kale haikufa pamoja na hiroglifi. Wakulima, wavuvi, akina mama sokoni, waliendelea kuizungumza. Walipokuwa Wakristo waliiandika kwa herufi za Kigiriki, wakaongeza chache walizoazima kutoka demotiki kwa ajili ya sauti ambazo Wagiriki hawakuwa nazo, kama sh na f. Lugha hiyo hiyo, imebadili kanga tu. Ndiyo tunayoiita Kikopti. Kiswahili chetu nacho kimevaa kanga mbili, ya Kiarabu na ya Kilatini, na hakuna aliyesema bibi yangu alizungumza lugha nyingine na mimi nyingine.

Waarabu walifika Misri katika karne ya 7, na polepole Kiarabu kikaenea sokoni, ofisini, nyumbani. Kikopti kikarudi nyuma mpaka kikabaki kanisani. Zama za kati, hasa karne ya 13, wanazuoni wa Kikopti waliona lugha ya babu zao inawaponyoka. Wakafanya jambo ambalo kila ninapolifikiri nanyamaza kidogo: waliandika sarufi za Kikopti kwa Kiarabu, na orodha ndefu za maneno, Kikopti upande mmoja, Kiarabu upande wa pili. Orodha hizo waliziita sullam, yaani ngazi. Hawakujua Firauni yeyote wala hawakuwa wanamtafuta. Walitaka tu mtoto wao akisimama kanisani ajue anachokisema.

Mwanzoni mwa karne ya 17 msafiri Mwitaliano, Pietro della Valle, alipita Misri, akapata sarufi na ngazi hizo, akazipeleka Roma. Zikaangukia mikononi mwa nani? Padri Kircher. Yule yule. Mwaka 1643 alizichapa pamoja na tafsiri ya Kilatini, na akasema wazi kwamba Kikopti ni lugha ya Mafirauni. Hapo ndipo namvulia kofia. Mtu aliyekosea karibu kila hiroglifi aliyoigusa ndiye aliyeifikisha Ulaya ngazi ya kuzipandia.

Jean-François Champollion alizaliwa mwaka 1790 katika mji mdogo wa Figeac kusini mwa Ufaransa, mtoto wa muuza vitabu. Alilelewa na kusomeshwa hasa na kaka yake, Jacques-Joseph, na nawaambieni kila penye Champollion kuna kaka huyu nyuma yake, analipa kodi ya nyumba na kununua kamusi. Mwaka 1807 kijana alikwenda Paris kusoma. Alijifunza Kiarabu, Kiebrania, Kiajemi na mengine, ila Kikopti ndicho kilichomtia wazimu. Alikuwa akienda kanisa la Saint-Roch, alikokuwapo padri Mkopti aliyeitwa Yuhanna Chiftichi, Mmisri aliyeondoka kwao pamoja na jeshi la Ufaransa. Kwake alisikia lugha kinywani mwa mtu, siyo kwenye karatasi tu. Akamwandikia kaka yake kwamba sasa anajisemesha peke yake kwa Kikopti. Vijana mnaojifunza lugha kwenye simu, mnajua hatua hiyo. Ukianza kujigombeza mwenyewe kwa lugha ya watu, umeingia.

Na bado alikosea. Mwaka 1821 alichapisha kijitabu kinachosema alama za Misri ni alama za vitu, si za sauti. Nampenda zaidi kwa sababu hiyo. Kisha akafanya kitu ambacho hata mtoto wa darasa la 3 angeweza: alihesabu. Katika Jiwe la Rosetta, Kigiriki kilikuwa na maneno 486. Upande wa hiroglifi, ingawa umevunjika, ulikuwa na alama 1,419. Ile namba yetu ya bahati imerudi! Kama kila alama ni neno au wazo, mbona alama ni karibu mara 3 ya maneno? Na katika hizo 1,419, zilizo tofauti zilikuwa 166 tu. Alfabeti haina herufi nyingi hivyo, na hati ya neno kwa alama haiwezi kuwa na alama chache hivyo. Kulikuwa na mchanganyiko.

Mwanzoni mwa 1822 alipata nakala ya maandishi ya mnara wa jiwe moja uliotolewa Philae na kupelekwa Uingereza na William Bankes. Juu yake palikuwa na vitanzi viwili, kimoja cha Ptolemaio. Kigiriki cha kwenye kitako kilimtaja Kleopatra. (Kleopatra huyu si yule wa nyoka na Antonio. Walikuwapo wengi.) Chukueni kalamu. Ptolemaio anaanza na p, na alama yake ni mraba. Katika Kleopatra mraba huo umo, nafasi ya 5. Simba ni wa 4 katika Ptolemaio, ni wa 2 katika Kleopatra: l. Alama ya kamba iliyopindwa ni ya 3 kule, ya 4 huku: o. Zinaingiana kama meno ya zipu. Ila t hazikulingana, kwa mmoja mkate, kwa mwingine mkono, akaelewa kwamba sauti moja yaweza kuwa na alama zaidi ya moja. Sisi tulioandika "kh" na "h" kwa neno lile lile la "habari" hatuwezi kuwalaumu.

Lakini hawa bado ni Wagiriki. Pingamizi la Young lilikuwa bado limesimama. Tarehe 14 Septemba 1822 alikuwa nyumbani kwake Paris, mtaa wa Mazarine, akipitia michoro aliyopelekewa kutoka hekalu la Abu Simbel, la kale kuliko Mgiriki yeyote kutawala Misri. Kitanzi kimoja kilianza na duara: jua. Mwishoni s mbili alizozijua tayari. Katikati alama moja ngumu, kama vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja juu.

Jua kwa Kikopti ni re. Re... kitu... s, s. Alama ile ya katikati aliikumbuka kutoka Jiwe la Rosetta, mahali ambapo Kigiriki kinataja siku ya kuzaliwa. Kuzaa kwa Kikopti ni mise. Re-mes-s. Ramesesi! Jina la Firauni wa kwelikweli, Mmisri wa Misri, limeandikwa kwa sauti, na lina maana: Ra, mungu jua, ndiye aliyemzaa. Akachukua kitanzi cha pili: ndege aina ya kwarara, ambaye ni mungu Thoti, kisha alama ile ile ya kuzaa, kisha s. Thutmosi.

Ng'ombe amezaa, ndugu zangu. Kwa neno moja la kuzaa, lililokuwa likisomwa kanisani kila mwaka Krismasi, ukuta uliokaa kimya karne 14 ukazungumza. Jamaa zake walisimulia kwamba alikimbia hadi ofisini kwa kaka yake, akapiga kelele kwamba amelipata, akaanguka chini, akalala kitandani siku 5. Tarehe 27 Septemba barua yake kwa Bwana Dacier, katibu wa chuo cha wanazuoni wa maandishi ya kale, ilisomwa Paris. Young alikuwapo ukumbini.

Mmoja wenu kule nyuma ananiuliza: basi ni sauti au ni picha? Ni vyote, na Kiswahili kitatusaidia. Tuna neno paa. Kuna paa la nyumba. Kuna paa, mnyama wa porini mwenye mbio. Kuna kupaa angani. Na mama jikoni anapaa samaki, anamtoa magamba. Tuseme sisi ndio tunaandika kama Wamisri. Mnyama ni rahisi kumchora, basi tunamchora yeye kila inapotakiwa sauti hiyo, hata kama habari haihusiani na mnyama. Kisha kando yake tunaweka picha nyingine isiyotamkwa: nyumba, mbawa, au samaki, kukuonyesha ni paa ipi. Huo ndio mfumo. Kwa Wamisri mchoro wa nyumba ulisema pr. Weka kistari kimoja chini yake, ni nyumba yenyewe. Weka miguu miwili inayotembea, ni kutoka, kwa kuwa kutoka nako kulikuwa na sauti za pr. Weka nyuma yake alama ya "kubwa", unapata per-aa, nyumba kubwa, yaani jumba la mfalme. Baadaye watu wakalitumia neno hilo kumtaja mfalme mwenyewe, kama redio inavyotuambia kwamba Ikulu imesema. Likapita kwa Waebrania, kwa Waarabu, mpaka kwetu: Firauni. Kila anayemtukana bosi wake kwa neno hilo anazungumza Kimisri cha kale.

Nanyi vijana mnaoandika "nmefka slm" msiwaone Wamisri ni watu wa ajabu. Nao hawakuandika irabu. Nzuri waliandika nfr. Wataalamu huingiza e ili waweze kutamka, nefer, na ndiyo maana tuna malkia Nefertiti na Nefertari, majina ambayo wenyewe wangeyasikia wangeuliza ni nani anaitwa. Kikopti kinatunong'oneza kidogo, maana "nzuri" kule ni noufe. Na katika barua za udongo zilizokwenda jumba la kifalme la Wahiti, taifa la kale huko Uturuki ya leo, Nefertari ameandikwa Naptera.

Champollion alifika Misri mwenyewe mwaka 1828, akapanda mto hadi Wadi Halfa akisoma kuta kushoto na kulia, na huko, siku ya mwaka mpya wa 1829, akamwandikia Dacier kwamba katika barua yao ya alfabeti hakuna cha kubadilisha. Alikufa mwezi wa Machi 1832, ana miaka 41. Sarufi yake kaka mtu akaichapa. Wapinzani waliendelea kubisha, hadi mwaka 1866 likapatikana Tanis, mji wa kale wa Misri, jiwe jingine la lugha mbili, Azimio la Kanopo, refu na zima kuliko la Rosetta. Wakalisoma kwa kanuni za Champollion, wakalilinganisha na Kigiriki. Likakubali.

Nimalizie na jirani yetu wa dukani, maana yupo hata leo, na safari hii jirani huyo ni sisi. Kusini ya Misri, huko Sudan, ulikuwapo ufalme wa Meroe, wenye piramidi zake na malkia zake waliotawala. Watu wa Meroe walichukua alama za Misri wakatengeneza hati yao ya alama 23. Mwaka 1911 Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alitoa sauti za hati hiyo kwa kuanzia, tena, na majina ya wafalme. Basi tunaweza kuisoma yote kwa sauti, bila kukwama. Ila hakuna kanisa lililoitunza lugha ile, hakuna sullam, hakuna padri wa kumsikiliza Jumapili. Wataalamu wanaihusisha na lugha za Kinubi na nyingine za pande zile, na wanaokota neno moja moja kama kuokota korosho baada ya msimu. Sentensi nyingi bado ni ghubi na buzi.

Kwenye mawe ya makaburi yao, hata hivyo, kuna dua inayojirudia mara nyingi sana, na humo yapo maneno mawili tuliyo na hakika nayo. Ato ni maji. At ni mkate. Maiti wa Meroe anaombewa maji tele na mkate tele. Hayo tumeyasikia. Yanayofuata baada ya hapo tunayatamka tu.

Asanteni sana. Mwenyekiti, kama muda upo, yule binti mwenye daftari la kijani amenyoosha mkono tangu nilipomtaja tumbusi.